Barua ya wazi kwa viongozi wetu: hatukuomba matumaini, tuliomba majibu

Dar es Salaam
Desemba 2025

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa,

YAH: VIJANA WASIOTAKA KUZAA, KUPIGA KURA WALA KUCHIMBA KABURI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeanza kiofisi kwa makusudi. Barua zangu tatu za mwanzo nazo zilianza hivi, na nakala zake ninazo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati: ya Februari 2024, ya Agosti mwaka huohuo na ya Machi 2025. Zote zimegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Siku ya barua ya pili muhuri wa tarehe ulikuwa umekwama, ukatoa tarehe ya juzi yake. Dada wa masjala akautazama, akacheka: "Haina neno mzee wangu, si itaonekana umewahi?" Nami nikacheka. Tangu siku hiyo hadi leo sijapata mstari mmoja wa maandishi. La mdomo nimepewa mara nyingi, tena lilelile: faili lipo kwa mkubwa.

Kwa hiyo leo naandika hadharani. Sitaji majina yenu wala la mtaa, kwa kuwa ugomvi na mtu sina. Wahusika mnajijua, na kama wenzenu wa kata nyingine watajiona humu, nao wakae waisome.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilifundisha Kiswahili na Siasa, hadi Siasa ilipobadilishwa jina ikaitwa Uraia. Kilichonitoa nyumbani ni msiba. Mwaka huu alifariki jirani yetu, fundi cherehani aliyewashonea sare za shule nusu ya watoto wa mtaa huu. Turubai likafungwa, viti vikaja, daftari la rambirambi likafunguliwa. Ilipofika saa nne asubuhi tukatafuta watu wa kwenda kuchimba kaburi. Tukapatikana wazee watatu, na mimi wa nne mwenye mgongo huu. Vijana walikuwa wametuma pesa kwa simu, na ujumbe ukasomwa mbele ya watu: wamechanga, tukodi wachimbaji.

Zamani hapa petu kazi hiyo haikuhitaji kuitia mtu. Mtani alijileta mwenyewe, Mnyamwezi kwa Mzaramo, Mzaramo kwa Mnyamwezi, anaanza vituko vyake mpaka wafiwa wanacheka na machozi yangali mashavuni, lakini jembe analo mkononi.

Jioni nikaenda kijiweni, pale bodaboda wanapopaki chini ya mwarobaini. Mmoja wao nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa anafuta tangi la pikipiki kwa kitambaa, na alinipa shikamoo yangu bila kuinua kichwa. Nikamuuliza mbona hawakuja. Akasema, "Mwalimu, mimi nimepanga chumba, nisipolipa mwezi huu natoka. Unaposema jirani, jirani yangu mimi ni nani?" Nikamuuliza habari ya mke na watoto, swali la kizee, najua. "Mtoto wa nini? Nimlete aje apange foleni nyuma yangu?" Na kadi ya kura je? Hapo akainua kichwa, akacheka kweli. "Ile ninayo, inanisaidia sana. Nikipeleka mzigo maofisini naiachaga kwa mlinzi getini."

Wenzake hawakucheka. Walitikisa vichwa kama watu wanaosomewa hesabu iliyotoka sawa.

Sisi wazee nasi hatukulelewa kwa asali. Bibi yangu alikuwa akisema, "Dunia mti mkavu, kiumbe usiulemee," anasema huku anachambua mchele, anasema huku anamtandikia mgonjwa. Tulikua tukijua kuwa dunia ni mapito na kaburi linamngoja kila mtu. Lakini bibi huyohuyo asiyeilemea dunia ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba ndoo msaragambo, ile kazi ya pamoja, ukiitwa. Kwa kuwa dunia haikutegemewa, alitegemea watu. Vijana wa kijiweni wamefika pengine: dunia hawaitegemei, na watu nao hawawategemei. Niliwaza jambo hilo usiku mzima nikitafuta lilipoanzia. Sikulipata kwenye roho zao. Nilipoishusha ile bahasha ya kaki ndipo nilipoanza kuelewa.

Hoja zangu ni hizi.

1. Ukumbi wetu.

Ukumbi wa mtaa tuliujenga kwa mikono yetu. Nilikuwa kijana, tulifyatua matofali Jumapili baada ya Jumapili, wanawake wakileta maji na mihogo ya kuchemsha. Humo ndimo lilimokuwa darasa la ngumbaru, enzi zile serikali ilipokuwa imetangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima na taifa zima likaamka kusoma. Mama yangu alijifunzia humo kuandika jina lake. Aliliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa ukumbi, halafu akakaa kulitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyelala.

Mdundiko, ngoma ya Kizaramo, ukitoka kwa Mwali, ukizunguka vichochoro na watoto wakiufuata mpaka wengine wanapotea, ulimalizikia uwanjani pale mbele. Mikutano ya mtaa ilikuwa pale. Ugomvi wa mipaka ya viwanja ulisuluhishwa pale, na harusi za wasio na uwezo zilichezewa pale bila kadi ya mchango. (Siku hizi hata kumwombea heri bibi harusi kuna kadi ya mtu mmoja na ya watu wawili, bei tofauti. Haya, hilo si lenu, nimeteleza tu.)

Leo ukumbi una mlango wa chuma wa kukunja. Ndani kuna marobota ya mitumba, nje kuna malori mawili yaliyopaki uwanjani, na mlinzi anayelala juu ya maboksi. Nani amepangishwa? Kwa shilingi ngapi? Kwa miaka mingapi? Nimesoma karatasi za mapato na matumizi kila zilipobandikwa ubaoni, nikiwa na miwani yangu, na kodi ya ukumbi sijaiona hata mara moja. Sisemi imeliwa. Nasema sijaiona.

Sensa ya 2012 ilitukuta mkoani hapa watu milioni 4.36. Ya 2022 ikatukuta milioni 5.38. Mji umepokea watu milioni moja wapya kwa miaka kumi, na mtaani kwetu, ambako wengi wao ndiko walikopanga, pahali pa kukaa bila kununua kitu hapajaongezeka, pamepungua. Mgeni atamjua jirani yake wapi? Mnamkuta kijana amekaa juu ya pikipiki yake kutwa nzima, mnamwita mzururaji. Ndicho kiti pekee alichonacho.

Najua mtanikumbusha vigodoro, kwamba ngoma za uwanjani zilileta fujo na kelele hadi alfajiri. Ni kweli, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliokuja kulalamika ofisini. Tuliomba saa za kuzima muziki. Hatukuomba uwanja upewe malori.

2. Lugha mnayotujibia.

Hili mtaliona dogo, mimi naliona kubwa kuliko ukumbi.

Tulipokuwa tunafundisha, shida iliitwa shida, njaa ikaitwa njaa. Siku hizi ukifika ofisini na shida, inageuzwa kuwa changamoto kabla hujakaa. Changamoto haina mwenyewe. Shida ina aliyeisababisha na ina anayepaswa kuiondoa. Changamoto ipo tu, kama mvua. Baada ya hapo unaambiwa iko kwenye mchakato. Mchakato hauna mwisho, na hata mwanzo wake huonyeshwi. Kisha unaambiwa linafanyiwa kazi, na anayelifanyia hatajwi. Nilimwambia mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, sasa ni karani, anipe sentensi moja ya ofisini yenye mtu anayefanya jambo siku fulani. Alifikiri, akaniagizia soda.

Kiswahili hiki ndicho kitu kikubwa tulichonacho pamoja. Kimetutoa kwenye makabila zaidi ya 120 na kutukalisha benchi moja. UNESCO ilikitengea siku yake, Julai 7, na siku hiyo ikifika mnavaa fulana na kutoa hotuba. Sherehe nazipenda. Lakini kijana anayejibiwa kwa Kiswahili kisicho na mtu ndani yake kila anapokwenda ofisini, mwisho anaamua kuwa maneno yote ni hewa. Akishaamua hivyo, hotuba haimfikii, mahubiri hayamfikii, na wosia wa baba yake haumfikii. Mnashangaa hawaji mikutanoni. Waje kusikiliza nini?

3. Kuulizwa bila kujibiwa.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kutuuliza kama tunataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikawasikiliza pia wale wachache, ikashauri vyama vingi, na Julai 1992 vikaruhusiwa. Mimi nilikuwa kwenye ile 80, siwafichi. Nilishindwa nikiwa wengi, na bado sikuona nimedharauliwa, kwa sababu niliona sauti imetoka mahali ikafika mahali. Tume hiyohiyo ikataja sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Kwenye hizo mwendo haukuwa ule wa vyama.

Ikaja Tume ya Mabadiliko ya Katiba, 2012, chini ya Jaji Joseph Warioba. Hiyo ilifika hadi kwenye kata. Nilipanga foleni, nikapewa kipaza sauti, nikasema mbunge akishindwa kazi waliomchagua wawe na uwezo wa kumrudisha nyumbani kabla ya miaka mitano. Sauti ilitetemeka, na mimi nimesimama mbele ya watoto wa watu maisha yangu yote. Rasimu ya kwanza ikatoka Juni 2013, ya pili Desemba mwaka huohuo, na katika hiyo ya pili nikakuta wazo la kumwajibisha mbunge. Sidhani lilikuwa langu peke yangu, lakini nililisoma kama langu. Bunge Maalum likakaa mwaka 2014 na kupitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ikapangiwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika.

Kuahirisha maana yake kuna siku nyingine. Leo ni mwaka wa kumi na siku nyingine haijatajwa. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule yuko shule ya msingi, anafundishwa Katiba ni nini.

Mtasema hayo ni ya Dodoma, sisi wa mtaa na manispaa yanatuhusu nini. Yanawahusu kwa sababu mtu wa kwanza kumwona kiongozi anamwona kwenu. Anayejifunza kwenu kwamba barua haijibiwi hatakwenda kujifunza tofauti kwingine. Mwaka 2010, uchaguzi wa Rais, waliokwenda kupiga kura hawakufika hata nusu ya walioandikishwa, na wakati ule hatukuwa na watu wa kuwasingizia mitandao.

Oktoba 29 mwaka huu, siku ya uchaguzi mkuu iliyoingia ghasia, ilipotangazwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, na intaneti imezimwa, yule kijana wa bodaboda alikuwa amekwama karibu na kwangu. Nikamwambia aingize pikipiki uani. Alilala sebuleni juu ya mkeka. Simu yake aliiwasha na kuizima mara nyingi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Mbali kulikuwa na milio. Katikati ya usiku akaniuliza, "Mwalimu, ile tume uliyokwenda kuongea, ulitusimulia darasani. Walikujibu nini?"

Nilikuwa macho. Nikajifanya nimelala.

Watu walipoteza maisha siku zile, na Novemba ikaundwa tume ya uchunguzi. Kazi yake naiachia yenyewe. Ila mkae mkijua kuwa vijana wanaitazama kwa macho ya swali lile la kwenye mkeka.

4. Mikopo ya asilimia kumi.

Kwa kifupi. Sheria inataka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 utoaji ulisimamishwa ili utaratibu utazamwe upya, kisha ukarejeshwa. Kikundi cha vijana wetu wa kukusanya chupa za plastiki kilijaza fomu, kikaandika andiko la mradi (nililisahihisha mimi, lilikuwa na makosa mengi lakini hesabu zake zilikuwa sawa), kikafungua akaunti. Hawajaambiwa wamekubaliwa, hawajaambiwa wamekataliwa. Akaunti inakatwa makato ya kila mwezi. Walioiacha kazi ya chupa ni wanne kati ya wanane.

Sasa mtanijibu, na nimezoea majibu, kwa hiyo niwarahisishie.

Mtasema vijana wameharibiwa na simu. Simu ninayo mimi pia, na kwenye simu hizohizo wamejifunza kutengeneza injini. Mtasema fedha hakuna. Kujibu barua kunataka karatasi moja na kalamu; nikiombwa karatasi nitaleta. Mtasema upangishaji wa ukumbi ulipitishwa kwenye kikao halali. Vizuri, basi muhtasari wa kikao upo, ubandikeni.

Mtasema, na hili ndilo linalosemwa chinichini, kwamba mzee anatumika. Kwamba kuna watu nyuma yangu. Nyuma yangu kuna ukuta wa nyumba wenye ufa na kuku sita. Nimeimba nyimbo za chama nikiwa na meno yote, na kadi yangu ya TANU ninayo bado. Mtu akilalamika, mnaanza kutafuta aliyemtuma. Ndiyo maana kijana anaona heri anyamaze na kucheka.

Wengine mtasema, tena kwa huruma, kwamba kukata tamaa ni jambo la imani, niwapeleke vijana msikitini na kanisani. Huko wanakwenda. Sheikh na padri wanafanya yao. Lakini sheikh hajui mkataba wa ukumbi uko kabati gani.

Hivi karibuni mmoja wenu alisimama kwenye hafla akawaasa vijana wawe na matumaini. Nilikuwa mstari wa nyuma. Naomba tuelewane: hatukuwaombeni matumaini. Matumaini mtu anayatafuta mwenyewe, kwa Mungu wake, kwa mke wake, kwa timu yake ya mpira hata ikifungwa. Sisi tuliandika maswali.

Ninachoomba ni haya:

(a) Barua zangu tatu zijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Jibu likiwa "hapana", nitalipokea na kushukuru. Nimeshawahi kushindwa, nilikwisha kuwaeleza.

(b) Mkataba wa ukumbi, jina la mpangaji, kiasi cha kodi na mahali inapokwenda vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa.

(c) Malori yaondoke uwanjani. Hili halihitaji kikao.

(d) Mkutano mkuu wa mtaa uitishwe Jumapili jioni, wakati bodaboda na mama ntilie wanaweza kufika, siyo Jumanne saa tatu asubuhi kama ule wa mwisho tuliokuwa watu kumi na mmoja, saba wakiwa wajumbe. Muhtasari wa mkutano uliotangulia usomwe kwanza, na kila jambo litajiwe mtu na tarehe.

(e) Kikundi cha chupa kiambiwe ndiyo au hapana.

Nimemwonyesha barua hii yule kijana kabla ya kuitoa. Aliisoma yote akiwa amekaa juu ya pikipiki, akarudia mahali pa mkeka. Akaniambia, "Kumbe ulikuwa macho." Kisha akasema hawatajibu, na kwamba yuko tayari tuwekeane dau la soda. Nimekubali. Nimeweka Fanta.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
mkazi wa mtaa wenu

Nakala:
Mtendaji wa Kata
Dada wa masjala (naomba muhuri, hata kama tarehe imekwama)
Kijiwe cha bodaboda, chini ya mwarobaini
Ubao wa matangazo, ofisi ya mtaa: nitaibandika mwenyewe Jumatatu asubuhi, gundi ninayo